Kumlea Mtoto Nje ya Dini: Zawadi na Adhabu, au Maelezo?

Mzazi asiyefuata dini, akitaka mwanawe awe mkweli na mwenye huruma, kwa kawaida hujikuta mbele ya njia mbili: kumwongoza kwa zawadi na adhabu, au kumweleza kila mara jinsi tendo lake linavyomgusa mwenzake.

Njia ya kwanza huleta matokeo ya haraka, na kwa mtoto wa miaka miwili anayekimbilia barabarani hakuna nafasi ya mjadala. Udhaifu wake hujitokeza baadaye. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora, ambapo wale walioahidiwa cheti kwa kuchora walionyesha hamu ndogo baadaye, zawadi ilipokosekana, kuliko wale ambao hawakuahidiwa chochote. Kuchora si wema, ni kweli, lakini mtoto anayegawana vitu vyake ili atuzwe anaweza kujifunza kuhesabu malipo badala ya kumjali mwenzake.

Njia ya pili, ambayo mwanasaikolojia Martin Hoffman aliieleza kwa kina, humwelekeza mtoto kwa aliyeumizwa: “Umemsukuma, ndiyo maana analia, utamsaidiaje?” Huchosha, tena humdai mzazi mwenyewe aombe radhi anapokosea, jambo ambalo wengi wetu hulikwepa. Hata hivyo ndiyo ninayoiona bora, kwa kuwa sababu aliyoielewa mtoto huenda naye hata pale asipoonekana na mtu, ilhali adhabu huhitaji mlinzi. Mipaka michache ya usalama ibaki palepale, bila kujadiliwa.