Yashica-Mat 124G hapa Bukavu: angalia kioo cha lenzi kwanza

Kabla ya kuuliza bei ya kamera hii ya filamu yenye lenzi mbili, fungua mlango wa nyuma, weka shata (majani yanayofungua na kufunga njia ya mwanga) kwenye B, ambapo hubaki wazi ukishikilia kitufe, na tundu la lenzi ya chini kwenye 3.5, kisha shikilia kitufe na umulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Thamani ya kamera hii iko hapo. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa Kivu, mvua ikianza Septemba mpaka Mei, naiogopa kuliko kamera kuangushwa. Ikishakula tabaka la juu la kioo, fundi ataondoa nyuzi lakini alama zitabaki, na mkusanyaji hatalipa bei ya kioo safi. Kuvu ya lenzi ya juu, ile ya kutazamia, haiingii kwenye picha: hapo omba punguzo, usiikatae kamera.

Lenzi ya kupigia ni Yashinon ya milimita 80, vioo vinne. Ukibana tundu lake hadi 8, ukali wake ni mzuri sana, tena kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Rolleiflex 2.8F, kamera ya Kijerumani ya aina hiyo hiyo. Ila 124G ilitengenezwa kuanzia 1970 hadi 1986, si adimu. Anayekuuzia kwa bei ya kitu adimu anakupunja. Hata hivyo inauzwa ghali kuliko Yashica-Mat ya zamani isiyo na kipimo cha mwanga, na hilo silikubali, kwa sababu kipimo chenyewe ndicho chenye usumbufu. Kiliundiwa betri ya zebaki PX625 ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, sindano inapanda kupita kiasi na picha zinakosa mwanga. Natumia betri 675 za vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, volti 1.4, na kipete cha mpira kuizunguka ili isichezecheze.

Weka shata kwenye sekunde 1 usikilize. Ikivuta au ikikwama, grisi imeganda. Toa gharama ya fundi kwenye bei. Asikudanganye mtu kudondosha mafuta, yatasambaa kwenye majani ya shata na kuyanatisha. Zungusha kitasa cha kulenga mpaka uso wa mbele utoke nje, pima kwa rula pengo lake na mwili, kulia na kushoto. Likitofautiana, kamera imepigwa mahali, na upande mmoja wa picha hautakuwa wazi.

Ukishainunua, usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kulisha kuvu. Mfuko na kifuniko cha asili cha lenzi vitunze kando, vinaongeza bei siku ya kuuza. Kamera ikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na chembe za silika zinazofyonza unyevu. Zikibadilika rangi, zikaushe polepole kwenye sufuria kavu juu ya makaa, zipoe, ndipo uzirudishe.