Kwenda Longyearbyen: moja kwa moja au kupitia Tromsø?

Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard, uko nyuzi 78 kaskazini. Ukitokea Oslo, ndege ya moja kwa moja hukata zaidi kidogo ya kilomita 2,000 kwa takriban saa 3.

Njia ya pili hupitia Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei. Oslo hadi Tromsø ni kama kilomita 1,120, karibu saa 2 angani. Kisha kilomita 960 hivi juu ya bahari tupu, saa 1 na dakika 40. Jumlisha uone: umbali umeongezeka kwa kilomita 70 tu au chini ya hapo, kwa sababu Tromsø karibu iko njiani. Lakini ndege imetua na kupaa tena, na hapo ndipo muda unapoliwa. Ongeza ukaguzi wa pasipoti, maana Svalbard iko nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zisizokaguana pasipoti mipakani) ingawa ni ya Norwei. Safari ya saa 3 inageuka 5 au zaidi.

Mimi ningechukua ya moja kwa moja, isipokuwa kama nataka kulala Tromsø siku mbili nitazame mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, njia zote mbili zina mtego mmoja. Svalbard yenyewe haidai viza, ila Norwei unayopitia inadai. Na ukirudi unaingia Schengen upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi.