Saa 35 za kwenye bango: uzoefu wangu na shule ya urubani ya Florida

Natoa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili nazitoa kwa moyo safi. Moja ni ya mafundi wao, maana Cessna 172 nilizorusha pale hazikuwahi kunitia wasiwasi hata siku moja. Nyingine ni ya mkufunzi wangu wa tatu, aliyenifundisha kutua na upepo wa ubavuni bila kunifokea. Tatu zilizobaki zimeliwa na tangazo.

Jina la shule silitaji, wala la wakala wao wa hapa Dar. Kama umewahi kupita kwenye maonyesho ya vyuo vya nje, yale ya kwenye kumbi za hoteli, bango la aina hii umeshaliona: Dreamliner inapaa, binti kavaa shati jeupe lenye mistari mabegani, chini yake maandishi manene: kutoka sifuri hadi rubani wa biashara, miezi 10, dola 49,900, malazi yamo. Mimi nimekulia Kipunguni, pua na mdomo na uwanja wa ndege. Julai 2018, Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua, tulikuwa juu ya ukuta wa jirani tunashangilia kama tumeinunua sisi. Kwa hiyo bango lile lilinikuta nimeshaiva.

Wakala alikuwa mchangamfu. Mimi ni mdogo wake, baba ni mzee wake, mama akaletewa soda. Baba aliuliza swali moja tu, "Hiyo bei ndiyo ya mwisho?" Akajibiwa, "Mzee wangu, hiyo ni kozi nzima." Baba akauza kiwanja cha Chanika, na mwaka 2023 nikaondoka.

Bei ile ilivyopikwa nilikuja kuielewa nikiwa kule, usiku, na kikokotoo cha simu. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inaweka kiwango cha chini cha saa za kuruka kwa shule zenye mtaala ulioidhinishwa: 35 kwa leseni ya rubani binafsi, 35 nyingine za kuruka kwa kutegemea ala, yaani vipimo vya ndani ya ndege, bila kuona nje, na 120 za leseni ya biashara. Jumla 190. Gawanya 49,900 kwa 190, unapata kama dola 262. Bei yao ya saa moja ya ndege ikiwa na mkufunzi ni 260. Yaani ile "kozi nzima" ilikuwa ni saa za chini kabisa zinazoruhusiwa na sheria, mara bei ya saa, basi. Hakuna vitabu mle, hakuna hedseti, hakuna mtahini, hakuna kosa hata moja la mwanafunzi. Ni kama mtu akuuzie nyumba kwa bei ya tofali.

Mimi leseni ya kwanza niliipata kwenye saa ya 63. Kabla hujaniona mzito, kule wanaovuka 60 ni wengi kuliko wanaomaliza kwa 35, na wakufunzi wenyewe watakwambia hivyo mkikaa kwenye kivuli cha bawa. Watakwambia ukishafika. Bango haliwezi kukwambia.

Saa zinavyoyeyuka ni hivi. Ndani ya ndege kuna mita ndogo inaitwa Hobbs. Inahesabu kwa sehemu za kumi za saa, kila dakika sita namba moja inageuka, na pale kwetu ilianza injini ikishawaka. Sasa panga foleni ya kuingia njia ya kurukia, mbele yako ndege nane za shule hiyo hiyo, kila moja ina mwanafunzi anayerudia maneno ya redio mara mbili. Propela inazunguka, hujaenda popote, namba inageuka. Dola 26. Inageuka tena. Dola 26. Kwa kiwango cha wakati ule ni kama shilingi elfu sitini na tano kila mgeuko. Nyumbani tumezoea kuitazama mita ya LUKU ikishuka huku roho juu. Hii inapanda, lakini roho ni ile ile. Siku moja nilihesabu migeuko minne kabla gurudumu halijaacha ardhi.

Halafu wakufunzi. Tangu 2013, ili uwe rubani wa shirika la abiria Marekani unatakiwa kwa kawaida uwe na saa 1,500. Vijana wengi wanazitafuta kwa kufundisha, kwa hiyo mkufunzi wako naye ni mwanafunzi wa aina yake: wewe unalipa, daftari lake linajaa. Zikitimia, anaaga. Simlaumu, hata mimi ningeaga. Ila wa kwanza aliondoka nikiwa na saa 19, wa pili nikiwa na 34, na kila mpya lazima aanze kwa kukupima mambo uliyokwisha kufundishwa, maana hawezi kusaini usichomwonyesha. Kupimwa huko ni kwa 260 ile ile. Ongeza mvua za radi za Florida, ambazo kiangazi hujikusanya karibu kila mchana kama zimetumwa, na mtahini niliyemsubiri wiki sita. Wiki sita huwezi kukaa bila kuruka, mkono unasahau. Unaruka, unalipa.

Kwenye ankara nilikuta pia dola 75 kwa saa za mkufunzi aliyesimama chini wakati mimi niko angani peke yangu. Nikauliza. Nikaambiwa anasimamia.

Haya, hesabu ya leseni hiyo moja, ya mwanzo kabisa, ambayo hairuhusu kulipwa hata senti kwa kurusha ndege: saa 63 ni dola 16,380, masomo ya ardhini 1,500, hedseti na vitabu na tableti 1,100, mtahini 900. "Malazi yamo" ikawa ni mwezi wa kwanza. Miezi saba iliyofuata nililipa 750 kila mwezi. Jumla 25,130, sijala bado. Karibu milioni 63 za kwetu. Kwa mahesabu ya bango hatua ile ilikuwa dola 9,100.

Kuhusu viza, hapa ndipo nilipokasirika kweli, maana wakala hawezi kusema hakujua. Alimwambia baba, "Akishamaliza atafundisha palepale, hela inarudi." Viza niliyopewa ni M-1, ya mafunzo ya ufundi. Hiyo hairuhusu kazi wakati unasoma. Ukimaliza unaweza kuomba mafunzo ya vitendo, mwezi mmoja kwa kila miezi minne uliyosoma, na haizidi miezi sita. Na ili ufundishe unahitaji cheti cha ukufunzi, ambacho hakikuwamo kwenye zile 49,900. Kingine: mwenye M-1 akitaka kuhama shule anatakiwa awe amehama ndani ya miezi sita ya kwanza, ikipita hapo ni mpaka dharura isiyotokana na yeye. Mimi mwezi wa sita ndio kwanza nilikuwa naanza kushtuka.

Na ile ya "unatua Jumapili, unaruka Jumatatu" isahau. Mgeni lazima akaguliwe kwanza na idara ya usalama wa usafiri, TSA, alama za vidole na kila kitu. Ni mambo yaliyokuja baada ya Septemba 2001. Nilikaa wiki tatu nikizitazama ndege kupitia wavu. Kipunguni nilikuwa nazitazama bure.

Wenzangu wananiuliza, "Kwa hiyo ulipigwa?" Nikisoma mkataba, hapana. Kila neno la bango lina kipengele nyuma yake kinacholilinda. "Kuanzia saa 35." "Bei inaweza kubadilika." Iliyotupiga ni lugha ya wakala, na lugha ya wakala haikuandikwa popote. Laiti baba angemwambia aiandike.

Nimerudi na leseni ya rubani binafsi na saa 71. Hela iliisha nikiwa nimegusa tu kozi ya ala. Kuna jambo jingine bango halikulisema: leseni ya Marekani haikupi moja kwa moja ruhusa ya kurusha ndege zenye usajili wetu wa 5H. Lazima upite TCAA, mamlaka yetu ya anga. Kama ningeanza upya, ningeanzia hapohapo kwao, tena na vipimo vya afya vya daraja la kwanza, kabla baba hajaongea na dalali wa kiwanja. Na kwa shule yoyote ningedai wanijibu kwa maandishi: wanafunzi watano wa mwisho kutoka Afrika walimaliza kwa saa ngapi, na walilipa jumla shilingi ngapi? Shule yenye majibu mazuri haioni taabu kuyatoa.

Mwezi uliopita alinipigia mama mmoja wa Mbagala, namba yangu kapewa na mtu. Mwanawe anataka kwenda shule ile ile. Wameona bango jipya, na kwenye bango niko mimi, nimeshika shati langu lililokatwa mgongoni, maana Wamarekani ukiruka peke yako mara ya kwanza wanakukata shati. Picha waliipiga wao. Nilimweleza yote haya, taratibu, na hesabu zake. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mbona kwenye picha unacheka?"

Nikamwambia, mama, siku ile nilikuwa nimetua mwenyewe mara tatu.