Bunduki ya kuwindia kulungu wa mbali: ipi uinunue na ipi uiache dukani

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, simu yangu haitulii. Ni ndugu zetu wa hapa Boise na miji ya jirani, wengi wametokea Kongo wakapitia kambi za Kigoma. Baridi ya Idaho wameshaizoea, magari ya kupandia milima wanayo, sasa wanataka nyama ya porini kwenye friza. Swali ni lile lile: "Kaka, ninunue bunduki ipi inayofika mbali?" Nami huuliza kwanza, mbali kiasi gani? Wengi hutaja yadi 800, maana ndivyo walivyoona kwenye video.

Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa bunduki ya risasi ya .300 Winchester Magnum. Muuzaji alinihakikishia kwamba ukiwa na risasi hiyo umbali si tatizo tena. Nilikuwa nimeipiga mara kumi na mbili tu uwanjani, na kila mara nilifumba macho kabla haijalia. Siku ya tatu ya msimu nikampiga dume kwenye mteremko wa pili, yadi 460, upepo ukitoka kushoto. Alijikunja mgongo, akakimbia. Tulifuata damu hadi giza likaingia, kesho yake tukarudi tukatafuta hadi saa nane mchana, matone yakaishia kwenye mawe. Mnyama yule simsahau, na ushauri wote ulio hapa chini ulianzia kwenye siku zile mbili.

Kwangu mimi, mbali ni pale unapoweza kupiga sahani ya karatasi ya inchi 8 kwa risasi ya kwanza, umekaa juu ya majani makavu, moyo bado unadunda kwa kupanda kilima. Kwa wawindaji wengi wenye mazoezi hapo ni yadi 300, wachache hufika 400. Nunua kwa ajili ya umbali huo.

Risasi kwanza, bunduki baadaye

Chukua risasi ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa (ile sehemu inayoruka) cha uzito wa greni 143, inayotoka kwa mwendo wa futi 2,700 kwa sekunde. Ukiisawazisha bunduki yako kwa yadi 200, yaani igonge pale pale unapolenga kwa umbali huo, kichwa kitakuwa kimeshuka kama sentimita 20 kwa yadi 300, kama 57 kwa yadi 400, na zaidi ya mita moja kwa yadi 500. Kushuka huko hakunitishi: umbali ukishaupima, unazungusha kifundo cha darubini na kazi imekwisha. Ninachokiogopa ni upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa majani na vijiti, hukisukuma kichwa hicho karibu robo mita kwa yadi 400. Sehemu ya kifua yenye moyo na mapafu ina kimo cha sentimita 20 hadi 25 tu. Ukilenga katikati ya mapafu ukausahau upepo, umepiga tumbo. Tena risasi hutumia zaidi ya nusu sekunde kufika yadi 500, na kulungu anayekula majani huweza kupiga hatua nzima ndani ya muda huo.

(Tumezoea kumwita kulungu, nami nitaendelea hivyo, lakini si kulungu yule wa nyumbani. Wa nyumbani pembe zake ni za maisha. Huyu wa Marekani huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Wa hapa kusini mwa Idaho ana masikio makubwa kama ya baghala, na wenyeji humwita mule deer kwa sababu hiyo.)

Kwa hiyo risasi ninazipanga kwa mambo mawili: inavyovumilia upepo na inavyokuachia bega lako zima.

Ya kwanza ni 6.5 Creedmoor. Kampuni ya Hornady waliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya wapiga shabaha, ndiyo maana kichwa chake ni kirefu na chembamba, kinapasua upepo vizuri. Mitutu ya kiwandani huwa na mizunguko (mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa) inayofaa vichwa hivyo, na risasi zake utazikuta hata kwenye duka la vifaa vya kilimo la mji mdogo. Teke lake ni la upole, unaweza kupiga maboksi mawili kwa siku moja bila kuanza kufumba macho. Kwa kulungu hadi yadi 400 sijaona kitu kilichopungua.

Ya pili ni .270 Winchester, ya mwaka 1925, na wala haijazeeka. Kichwa cha greni 130 kinatoka kwa futi 3,060 kwa sekunde, hadi yadi 400 kinashuka kidogo kuliko ile ya kwanza. Kinachoirudisha nyuma ni mizunguko ya polepole ya mitutu yake ya kawaida, haikubali vichwa virefu sana, hivyo kwenye upepo inapitwa. Lakini hapa Idaho kuna wazee wanaoacha kuwinda, na bunduki zao za .270 zinauzwa zikiwa zimetunzwa kama mboni ya jicho. Ukiipata ya namna hiyo, usisite.

Ya tatu ni .308 Winchester ya mwaka 1952. Inashuka haraka zaidi, mimi naiwekea mpaka wa yadi 300. Faida yake ni risasi za mazoezi: zipo nyingi, na za bei nafuu, kwa sababu ina undugu na ile ya kijeshi ya 7.62.

Baada ya hapo zinakuja 7mm Remington Magnum (1962) na 7mm PRC (2022). Zifikirie kama una hakika utawinda pia elki, mnyama mwenye uzito wa kulungu watatu au wanne. Kwa kulungu peke yake unalipia nguvu usiyoihitaji.

Ya mwisho kwenye orodha yangu ni .300 Winchester Magnum. Ni risasi nzuri mikononi mwa aliyeizoea. Ila teke lake ni zaidi ya maradufu ya 6.5 Creedmoor kwenye bunduki zenye uzito sawa, na anayeanza hujifunza kuiogopa kabla hajajifunza kulenga. Kijana au mama mwenye mwili mdogo anayeanza, mpe .243 Winchester, na asivuke yadi 250.

Bunduki yenyewe

Hapa sitakaa sana, kwa sababu bunduki za komeo (zile unazovuta komeo kwa mkono kila risasi) za siku hizi zimekuwa nzuri kiasi kwamba tofauti kubwa ni uzito na bei.

Chaguo langu ni Tikka T3x Lite, inayotoka Finland. Ina uzito wa kilo 3 hivi, komeo lake linateleza kama droo iliyopakwa nta, na kifyatulio chake unakilegeza mwenyewe bila kupeleka kwa fundi. Usiipoteze tu magazini yake ya plastiki, kununua nyingine ni ghali. Nafasi ya pili naipa Howa 1500 ya Japani. Weatherby Vanguard hutengenezwa na Howa hao hao, basi chukua itakayokuwa na bei nzuri siku hiyo. Bergara B-14 ya Hispania inakuja ya tatu. Inatulia sana ukilala kifudifudi, lakini nyingi ni nzito, zinamfaa asiyekwenda mbali na gari. Ruger American ni ya mwenye bajeti ndogo. Kitako chake cha plastiki hakipendezi mkononi, ila kwa sahani ya inchi 8 haitakuangusha.

Ukinunua iliyotumika, vuta komeo, angalia mtutu kwa tochi, kisha uliza mwaka wake. Remington 700 zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 ziliitwa zirudishwe kiwandani kwa sababu zingeweza kulia bila kufyatuliwa. Muombe muuzaji uthibitisho kwamba yake ilirekebishwa. Asipokuwa nao, mwachie.

Darubini, hapa usibane pesa

Nimeona watu wakilipa dola 1,200 kwa bunduki, halafu wanaipachika darubini ya dola 90. Jioni, dakika ishirini za mwisho ambapo dume hutoka kichakani, darubini hiyo inaonyesha kivuli tu. Na kifundo chake ukikizungusha kwenda juu kisha ukakirudisha, hakirudi pale kilipokuwa.

Chagua yenye ukuzaji unaoanzia 3 au 4 na kuishia 14 hadi 16. Zaidi ya hapo, kila pumzi yako inaitikisa picha, na joto la ardhi linaifanya icheze kama moshi. Iwe na kifundo cha juu cha kuzungusha chenye kituo kinachokizuia kupita sifuri, ili gizani ukijue kwa vidole. Leupold VX-3HD ya 4.5-14x40 (ukuzaji 4.5 hadi 14, kioo cha mbele milimita 40) ndiyo ningeinunua leo kwa mtu anayetembea: haifiki nusu kilo. Vortex Viper PST ya kizazi cha pili, 3-15x44, ina alama nyingi zaidi ndani na mimi naipenda uwanjani, lakini ina karibu gramu 800, na mlimani utaziona zote. Mwenye pesa kidogo achukue Vortex Diamondback Tactical 4-16x44. Kioo chake jioni hakifikii hizo mbili.

Jambo moja ambalo maduka ya hapa hayatakuambia: ikipatikana, chukua inayohesabu kwa miliradiani, kipimo kidogo cha pembe. Wamarekani wengi hutumia dakika za pembe kwa sababu zinaendana na inchi na yadi zao. Sisi tulisoma mita shuleni. Kwenye miliradiani, mlio mmoja wa kifundo ni sentimita 1 kwa mita 100, sentimita 3 kwa mita 300. Weka na kipima umbali chako kwenye mita, na hesabu utazifanya kichwani huku umelala.

Pete za kushikia darubini zifungwe kwa bisibisi ya kupimia nguvu, inchi-pauni 15 hadi 18 kwa skrubu za juu, au kama mtengenezaji alivyoandika. Kisha ifanyie jaribio la boksi: piga risasi moja, panda miliradiani mbili, piga, nenda kulia mbili, piga, shuka mbili, piga, rudi kushoto mbili, piga. Risasi ya tano iangukie kwenye tundu la kwanza au ubavuni mwake. Isipofanya hivyo, irudishe dukani kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Vinavyobaki

Kipima umbali cha leza ni lazima. Kilichoandikwa yadi 1,000 kwenye boksi kinapima ukuta unaong'aa. Kwa manyoya ya kulungu hesabu nusu yake. Tegemeo la miguu miwili nunua refu, la inchi 13 hadi 27 hivi. Nyika ya hapa imejaa vichaka vya sagebrush vinavyofika kiunoni, na ukilala chini huoni kitu. Utapiga ukiwa umekaa, na mazoezi yako yawe ya kukaa.

Kwa mwenye dola 2,000 ningegawa hivi: bunduki 750, darubini 500, pete 70, kipima umbali 200, tegemeo 80. Dola 400 zilizobaki ni za risasi, maboksi manane hivi, na hizo usizikope kwa ajili ya kitu kingine chochote. Anayepunguza risasi ili apate mtutu mzuri zaidi ananunua pambo.

Kuhusu sheria. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa bunduki, na utachunguzwa papo hapo. Bunduki ndefu huuzwa na duka kwa mwenye miaka 18 na zaidi, na kitambulisho kiwe na anwani unayoishi sasa, kwa hiyo uliyehama nyumba badilisha kwanza. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Aliye na viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa ana leseni halali ya kuwinda au msamaha mwingine wa kisheria. Usimnunulie bunduki mtu asiyeruhusiwa, hata awe ndugu yako wa damu: ni kosa la serikali kuu na linaweza kukugharimu makazi yako. Hapa Idaho aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1975 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya leseni, na bunduki pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake isizidi pauni 16. Nyumbani ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine. Nyumba zetu hazikosi watoto, wetu na wa majirani.

Ukishaisawazisha, nenda uwanjani siku tofauti, mtutu ukiwa wa baridi, upige risasi moja tu kwa kila umbali, uandike. Risasi ya mtutu wa baridi ndiyo utakayompiga nayo mnyama. Zile za baadaye, mtutu ukishapata moto, hazikuambii ukweli wote.

Kwenye kitako cha bunduki yangu kuna kipande cha plasta nyeupe kilichochafuka kwa jasho. Kina mistari minne: mita 200, 250, 300, 350, na kila mmoja una idadi ya milio ya kifundo pembeni yake. Mita 400 sijaiandika. Septemba hii nilijaribu sahani kumi kwa umbali huo, zikanipita tatu.