Kompyuta za mtandao wa ofisi: chungulia poti kabla ya kusikiliza sifa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji walionunulia ofisi zao kompyuta yanafanana kama mapacha. Mashine ni nzuri, ina SSD, inawaka kufumba na kufumbua. Ikiwa peke yake mezani haina kasoro. Ikishaunganishwa na wenzake, kilio kinaanza: faili la mahesabu lililoko kwenye seva linafunguka kwa kusuasua, printa inaonekana asubuhi na mchana haipo, mfanyakazi anaingia leo na kesho anakataliwa. Fundi anailaumu seva. Seva inabadilishwa kwa fedha nyingi, na kusuasua kunabaki palepale.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia prosesa wala RAM. Wauzaji watakuimbia hizo mpaka masikio yaume. Chukua GB 16, chukua SSD, yamekwisha. Ninachotaka ukiangalie ni kile kitundu cha nyuma unapochomekwa waya wa mtandao, yaani poti ya ethaneti, ambacho sijawahi kuona tangazo likikisifia.

Poti, kisha poti, kisha mengine

Poti za ethaneti zinafanana kwa umbo, lakini ndani ni mbali kabisa. Kuna za Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) na kuna za gigabiti moja, na hizo za Mbps 100 bado utazikuta kwenye mashine za bei ya chini. Mbps 100 ukizigeuza kuwa kasi ya kunakili faili unapata kama MB 11 kwa sekunde. Gigabiti inakupa zaidi ya MB 100. Faili la GB 2 litakula dakika tatu upande mmoja, na sekunde ishirini hivi upande wa pili. Mtu wa nyumbani hataona tofauti, maana intaneti yake pengine haifiki hata hiyo 100. Ofisini kila kitu kiko kwenye seva, na watu wanafungua na kuhifadhi kutwa nzima.

Kabla hujaitukana mashine, pima. Fungua PowerShell, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, andika `Get-NetAdapter`, utazame safu ya LinkSpeed. Ukikuta Mbps 100 wakati poti na swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mashine zote) ni za gigabiti, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane zilizo ndani ya waya wa mtandao. Mbps 100 inaridhika na nne. Mmoja wa zile nne za ziada ukikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, mashine inashuka hadi 100 kimyakimya. Hakuna taa nyekundu, hakuna ujumbe, na mtumiaji anaona tu kwamba “mtandao uko slo”.

Halafu kuna laptopu nyembamba zisizo na poti kabisa. Muuzaji anakwambia usijali, nunua kidude cha USB cha kuongezea poti. Vingi vya bei rahisi ni vya Mbps 100, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni anwani ya MAC, ile namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Ukitumia kidude, namba inayoonekana ni ya kidude, wala si ya laptopu. Siku wafanyakazi wawili wakibadilishana vidude kwa bahati mbaya, DHCP, huduma inayogawa anwani za IP kwenye mtandao, inampa huyu IP iliyotengewa yule, na swichi iliyofungwa ikubali MAC inazozijua tu inamkataa mmoja wao. Fundi atahangaika mchana kutwa akitafuta hitilafu iliyomo kwenye droo ya mezani. Laptopu za kibiashara zikitumiwa na doki (kituo cha mezani cha kuchomekea laptopu) ya kampuni iliyozitengeneza huweza kupitisha MAC ya laptopu yenyewe. Ukilazimika kununua laptopu, dai kipengele hicho.

Na kuna balaa ambalo mpaka leo linanikera: vikompyuta vidogo visivyo na jina la maana, vinavyotoka kiwandani vikiwa na MAC moja. Msomaji mmoja alinunua mzigo mzima wa aina hiyo. Kila kimoja kilifanya kazi vizuri kikiwa peke yake. Viwili vikiwashwa pamoja, vyote vilikatika-katika, kwa sababu swichi inajifunza kwamba MAC fulani iko poti ya 3, sekunde ya pili inaambiwa iko poti ya 7, inarudi, inakwenda. Aliambiwa na muuzaji kwamba tatizo ni “virusi”. Virusi!

Poti nzuri inakupa na mambo mawili ambayo utayashukuru baadaye. La kwanza ni kuwasha mashine kutoka mbali, yaani Wake-on-LAN. Ni pakiti ndogo tu: baiti sita za FF, kisha MAC ya mashine imerudiwa mara 16, jumla baiti 102, na mashine iliyozimwa inaamka usiku ipokee masasisho. La pili ni PXE, kuwasha mashine kupitia mtandao ili usakinishe Windows bila kuzunguka na flashi mkononi. Ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ukiwa dukani utafute yote mawili. Usipoyaona, rudisha mashine mezani kwa muuzaji.

Home haiingii ofisini

Hili halina mjadala. Windows 11 Home haijiungi na domeni ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na mashine za ofisi kutoka kwenye seva), haina kihariri cha Group Policy (kanuni za kuzipangia mashine), na haikubali kuingiwa kutoka mashine nyingine kwa Remote Desktop. Unataka Windows 11 Pro. Ofisi ya watu watatu isiyo na seva yoyote inaweza kuishi na Home, lakini ofisi hiyo pia haihitaji mwongozo huu.

Ya kwanza: Lenovo ThinkCentre Tiny

Sifichi upendeleo wangu. Ningekuwa na ofisi ya watu thelathini, ningejaza Tiny nilale. Ni kisanduku cha takriban sentimita 18 kwa 18, unene sentimita tatu na nusu, unakifunga nyuma ya skrini na meza inabaki wazi. M720q na M920q, zenye prosesa za Intel za kizazi cha 8 na cha 9, zina poti ya gigabiti inayotumia chipu ya Intel ya familia ya I219, ambayo Windows inaitambua na mafundi wameizoea. PXE ipo. Wake-on-LAN ipo. Kuifungua ni skrubu moja ya nyuma, kifuniko kinateleza, na ndani kuna nafasi mbili za RAM, ya M.2 (SSD ndogo ya kibapa) na ya diski ya inchi 2.5.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoandika kuhusu kasi hawaligusi. Adapta yake ya umeme ina kile kichwa cha mstatili kilichotumika kwenye laptopu nyingi za ThinkPad za zamani kidogo. Adapta ikifa Jumatatu asubuhi, unaazima ya laptopu iliyolala kabatini na kazi inaendelea. Wengine wananung'unika kwamba nyingi hazina kadi ya Wi-Fi. Mimi nafurahi! Mashine isiyo na Wi-Fi italazimika kutumia waya, na mashine inayotumia waya hainipigii simu.

Ukiweza kuongeza kidogo, chukua M920q yenye prosesa inayokubali vPro, teknolojia ya Intel ya kusimamia mashine kutoka mbali. Fundi ataweza kuona skrini na kuingia BIOS akiwa mbali hata Windows ikiwa imekufa. Kwa wanaotaka mpya, angalia ukoo wa M70q na M90q. Kasoro? Feni ni ndogo na inapenda vumbi. Ipulize mara kwa mara.

Ya pili: HP Mini

EliteDesk 800 na ProDesk 600, kuanzia toleo la nne (G4). Chuma ni imara, na EliteDesk ina ulinzi unaoirudisha BIOS yenyewe ikiharibika, jambo ambalo hata Tiny yangu inalionea wivu. Kilichoishusha ni utitiri wa majina: 400, 405, 600, 705, 800. Kwa kawaida tarakimu ya mwisho ikiwa 5 ni ya AMD, nyingine ni za Intel. Kwa zile za AMD usikisie kwa namba kama Windows 11 inakubalika. Fungua orodha ya Microsoft usome jina la prosesa herufi kwa herufi.

Ya tatu: Dell OptiPlex Micro

Kwa mtumba, tafuta 3060, 5060 au 7060. Kwa mpya usihangaike kulitafuta jina OptiPlex, kwa sababu mwaka 2025 Dell ililiacha ikaleta Dell Pro. Namba ya huduma iliyobandikwa kwenye kila mashine inakuonyesha kwenye tovuti ya Dell ilitoka kiwandani ikiwa na nini, na hiyo ni dawa nzuri ya muuzaji mwongo. Ila Dell inaikagua adapta ya umeme. Ukiichomekea isiyoitambua, inakupa onyo na inaweza kuipunguza kasi prosesa, na mitumba mingi huuzwa na adapta za kuokoteza.

Zilizobaki

Laptopu ni ya anayetembea kweli, na doki iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Kompyuta zilizoungana na skrini siziungi mkono: skrini ikipasuka, umepoteza vyote viwili. Mashine nyepesi zinazotegemea seva ni nzuri kwa mwenye fundi wa kudumu na leseni za kila mtumiaji za Remote Desktop, vinginevyo ni kujitafutia deni. Vikompyuta visivyo na jina nimeshavisema.

Na sasa wauzaji

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa prosesa chache sana. Maana yake kuna milima ya mashine za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo makampuni makubwa yamezitupa, na milima hiyo inateremshwa juu ya vichwa vyenu. M710q, OptiPlex 3050 Micro, EliteDesk 800 G3: mashine nzuri za zamani zao, zimelazimishwa kumeza Windows 11 kwa ujanja wa kuruka ukaguzi, na mnunuzi haambiwi. Mbaya zaidi, i7 ya kizazi cha 6 inauzwa ghali kuliko i5 ya kizazi cha 8 kwa sababu ya stika tu. Soma tarakimu zinazofuata baada ya kistari: i5-8500T ni kizazi cha 8, i7-6700T ni cha 6. Saba kubwa isikutishe.

Kisha leseni. Andika `slmgr /xpr`. Jibu likikupa tarehe ya mwisho, muuzaji ameamilisha Windows kwa njia ya KMS, ile ya leseni za makampuni, ambayo hudumu siku 180 na kutaka kuhuishwa na seva ambayo wewe huna. Mashine iliyouzwa kiwandani na Pro ina ufunguo wake ndani ya firmware (programu iliyomo kwenye ubao mama), na ukisakinisha upya inajitambua bila kumwomba mtu.

Sakinisha upya kwa vyovyote. Kwanza, utagundua kama mashine bado imesajiliwa na mwenyewe wa zamani kwenye Autopilot, mfumo wa Microsoft ambao makampuni hudhibitia mashine zao: ukiiunganisha na intaneti wakati wa kuisakinisha itakuomba barua pepe ya kampuni usiyoijua. Irudishe siku hiyohiyo. Pili, wauzaji wengi hunakili diski moja kwenye mashine zote bila kupitisha Sysprep, zana ya Windows ya kufuta utambulisho wa mashine, kwa hiyo mzigo mzima una SID moja, yaani namba moja ya utambulisho ya Windows. Zamani watu waliishi nayo. Tangu masasisho ya Windows 11 ya nusu ya pili ya 2025, mashine zenye SID moja zinakataliana: folda za pamoja hazifunguki, Remote Desktop inagoma, na nenosiri ni sahihi kabisa.

Badilisha pia betri ya ubao mama, CR2032. Mitumba mingi huja na iliyokufa, saa inarudi nyuma miaka, na Kerberos, mfumo wa domeni wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika tano kati ya mashine na seva ya domeni. Mfanyakazi anaambiwa hawezi kuingia, naye anaapa hajabadilisha nenosiri. Kweli hajabadilisha. Na ukiwa unaunganisha domeni, DNS (huduma ya kutafuta anwani kwa majina) ielekee kwenye seva ya domeni na si kwenye ruta, na jina la mashine lisizidi herufi 15.

Ukienda dukani, beba nyaya zako mbili unazoziamini na swichi ndogo ya gigabiti. Chomeka mashine mbili kwa pamoja, si moja, uendeshe `Get-NetAdapter` kwenye zote mbili, ulinganishe MAC na kasi. Muuzaji atakuna kichwa na kusema hajawahi kuona mteja wa namna hiyo. Mwache akune. Mashine ikionyesha Mbps 100 kwa waya huohuo ambao jirani yake ameonyesha gigabiti moja, isikanyage ofisini kwako, na usikubali kubadilishiwa kwa kidude cha USB cha bure.