Imatinib na cherehani: uzoefu wangu wa kidonge cha saratani ya damu nikiwa Mtwara

Natumia imatinib ya miligramu 400, kidonge kimoja kwa siku, na nitaendelea nayo Mungu akipenda. Wagonjwa wapya kliniki huniuliza swali moja: "Dada, hii dawa inamfanyaje mtu?" Daktari anaeleza inavyotibu. Mimi naeleza inavyokaa na fundi cherehani.

Ugonjwa wangu ni saratani ya damu ya kwenda polepole, ile wanayoiita CML. Ulianza kwa ubavu wa kushoto kujaa, nikila matonge mawili nimeshiba. Mtaani wakasema bandama, na kweli lilikuwa bandama, limeshuka hadi usawa wa kitovu. Wengine wakanipongeza kwa mimba. Kuna kituo nilitibiwa malaria na taifodi kwa zamu, jasho la usiku linanilowesha shuka, na hakuna aliyeagiza FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Nilipokuja kupimwa kwingine, chembe nyeupe za damu zilikuwa zaidi ya 200,000 kwa kila mikrolita, yaani kitone kidogo sana cha damu, wakati mtu mzima huwa na kati ya 4,000 na 11,000. Rufaa ikaandikwa, safari ya Muhimbili ikaanza.

Nilivyoelewa mimi, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, namba 9 na 22 hukatika na kubadilishana vipande, kisha inazaliwa protini inayoamuru uboho utengeneze chembe nyeupe bila kupumzika. Ni kama cherehani ya umeme iliyoganda pedeli: inashona tu, nguo ipo au haipo. Imatinib inaikamata protini hiyo na kuizima. Kasoro yenyewe iligunduliwa mwaka 1960 huko Philadelphia, Marekani, ila dawa iliidhinishwa 2001. Kwenye utafiti mkubwa wa mwanzo, IRIS, baada ya miaka 10 takribani asilimia 83 ya walioanza na imatinib walikuwa hai. Namba hiyo niliiandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kwa sababu nilipoambiwa "saratani" nilishaanza kufikiria nani atalea wanangu.

Kwenye kazi yake, basi, sina malalamiko. Chembe zilishuka ndani ya wiki chache, bandama likarudi kwenye mbavu, na nguo zangu mwenyewe nikazipunguza kisha nikazipanua tena.

Sasa adha zake. Tumbo kwanza. Ukimeza kwa chai ya rangi na andazi, kichefuchefu kinakushika mpaka adhuhuri. Inataka chakula cha kweli na glasi kubwa ya maji. Mimi nameza mchana, katikati ya ugali na samaki, si mwisho, halafu silali. Ming'oko peke yake haitoshi, nimejaribu. Ramadhani daktari alinihamishia kwenye futari, nikafunga salama. Lakini muulize wako kwanza, hali hazilingani. Balungi nimeliacha, maana linapandisha kiwango cha dawa mwilini. Na mtu akikuletea chupa ya mizizi, daktari ajue kabla hujaonja.

Pili, macho. Asubuhi kope zinavimba hadi kutunga uzi kwenye sindano kunakuwa mtihani. Kwangu huisha saa nne hivi, kwa hiyo saa za mapema nakata vitambaa na kupiga pasi, kushona baadaye. Chumvi nimepunguza, na hilo kwa mtu wa pwani aliyezoea ng'onda si dogo.

Tatu, misuli kukaza, na hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Nakanyaga cherehani ya mguu. Kigimbi kinakaza katikati ya mshono, naachia pedeli, nasimama nimeegemea meza, mteja anadhani nimechomwa na sindano. Vidole navyo hujikunja kwenye mkasi, hasa kitambaa kikiwa kizito. Januari ya sare za shule, siku ya kaptura za khaki, nampa kijana wangu mkasi. Maji mengi na kujinyoosha kabla ya kulala husaidia kiasi. Kuisha, hakujaisha.

La nne wala sikuonywa. Ngozi inapauka. Uso umekuwa mweupe kuliko mikono, na Mtwara hii mwanamke aking'aa jibu ni moja tu: mkorogo. Mama mmoja aliyeleta kitambaa cha dera aliniuliza kwa kunong'ona nanunua wapi. Nikamwambia hospitali. Hakuamini. Daktari amesema ni athari inayojulikana ya imatinib, hasa kwa sisi weusi, haina hatari. Sawa, haina hatari, ila maneno ya watu nani anayatibu?

Kwa akina mama: dawa hii na mimba havipatani. Panga uzazi kabla hujaanza, na ukitaka mtoto sema mapema, usikate dawa kimyakimya.

Bei. Kidonge chenyewe silipii, napata kwa mpango wa msaada. Misaada ya namba hii ilianza mwaka 2002 kwa Novartis, kampuni iliyoitengeneza dawa, na shirika la hisani la The Max Foundation, na bila hiyo fundi wa vijora asingeijua imatinib hata kwa jina. Kinachoniumiza ni barabara. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Nauli, kulala kwa ndugu, na siku ambazo cherehani imefunikwa. Nauli naiweka msimu wa korosho, pesa ya mnada ikiingia wateja wanalipa madeni. FBP napima hapahapa Mtwara, kile kipimo cha jeni, kinachoangalia kasoro ile imebaki kiasi gani, ndicho kinanipeleka Dar. Foleni zipo sehemu nilizopita, na kuna dirisha nililojibiwa kama nimekuja kuomba sadaka.

Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kule Somanga, Kilwa, magari yalikwama na wengine wakazungukia Songea. Mimi nilikuwa na akiba ndani, kwa sababu nilishaomba nipewe ya miezi mitatu. Mwenzangu wa kliniki, wa upande wa Nachingwea, alikuwa amebakiwa na vidonge vya kuhesabu. Huyo huyo aliwahi kuacha kwa hiari yake alipojisikia mzima, chembe zikapanda tena. Kujisikia mzima ni kazi ya kidonge, ukikiacha unairudishia protini ile nafasi.

Kweli wapo wanaoachishwa na daktari, lakini ni baada ya miaka ya majibu ya jeni kuwa chini kabisa, tena wanapimwa jeni mara kwa mara, mwanzoni karibu kila mwezi. Kwa nauli ya Mtwara hesabu hiyo kwangu haijakaa, nimemwambia daktari wangu hivyo na amenielewa.

Nikiambiwa nitoe nyota: dawa tano, huduma ya kuipata mbili na nusu. Anayeanza aombe ya miezi mitatu, aiweke mbali na joto la bati, na siku ya kliniki abebe daftari lenye majibu yote ya FBP kwa tarehe, maana mafaili hupotea.