Kozi ya uandishi inayotenganisha mada na hoja: maoni yangu

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya uandishi wa insha na makala, na naipendekeza kwa kila anayeambiwa kazi yake imepangika vizuri ila haieleweki anataka kusema nini.

Mwalimu anaanza na maneno mawili: "Simu darasani." Hiyo ni mada, na haimkwazi mtu. Kisha anaandika: "Simu zisiruhusiwe darasani, kwa sababu hata ikizimwa huvuta mawazo ya mwanafunzi." Hiyo ni hoja; kuna atakayeipinga, na mwandishi anadaiwa ushahidi. Kipimo chake ni hicho: kama hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukubishia, bado unazunguka kwenye mada.

Somo la sarufi ndilo lililoniteka. Anaweka sentensi tatu ubaoni: Mtoto amevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa na mtoto. Kikombe kimevunjika. Katika ya kwanza kiima, yaani kile ambacho sentensi inakizungumzia, ni mtoto, naye ndiye mtenda. Katika ya pili kikombe ndicho kiima, mtoto amesogezwa nyuma, lakini bado yumo. Katika ya tatu hayupo kabisa, na kauli ya kutendeka haikupi nafasi ya kumrudisha: "kimevunjika na mtoto" haisemeki. Tukio ni lile lile, lawama imeshaondoka. Mara ngapi tunasoma kwamba "fedha zimepotea" au "faili halionekani", na hatajwi aliyekuwa nazo mkononi? Anayechagua kiima ameshaanza kujenga hoja kabla ya kutoa ushahidi wowote. Nimefurahi sana kuona jambo hili likifundishwa kwa vitenzi vya Kiswahili chenyewe, maana unyambulishaji wetu (vunja, vunjwa, vunjika) unalionyesha waziwazi.

Somo la sanaa, kwa bahati mbaya, limekimbizwa. Linaonyesha michoro ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ya kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, aliyoichora zaidi ya mara 30 katika miaka ya 1890, linasema "mada moja, picha nyingi", basi limekwisha. Hapo ndipo palipotaka utulivu! Ukuta ule ule wa mawe huku ni wa samawati, kule jua limeupiga ukawa dhahabu. Kwa macho yangu, Monet anatetea hoja kwamba tunachokiona kwanza ni mwanga, jiwe baadaye. Guernica, picha ya mchoraji Pablo Picasso ya mwaka 1937, imeguswa kwa sentensi mbili: mada ni mji uliopigwa mabomu, hoja ni dhidi ya vita. Hakuna anayetuonyesha kwamba kwenye turubai lile hamna hata ndege moja ya kivita, ni walioumizwa tu.

Mazoezi husahihishwa na mtu, sentensi kwa sentensi, na majibu hayacheleweshwi. Kama unaandika ripoti au insha za mtihani, anza na somo la sarufi ingawa limewekwa katikati, halafu rudi mwanzo.